Mvumbuzi wa Genivaldo

Watu wa Matrah walimjua Awadh bin Sleyum kwa mambo mawili, na moja tu kati ya hayo lilikuwa la kweli. La kweli ni kwamba hapakuwa na mtu Muscat nzima aliyejua vipuri vya magari kumshinda. Alisimamia duka la vipuri kule mtaa wa Ghala, na mteja akimletea chujio la mafuta hakuhitaji kusoma maandishi ya boksi. Alilipima mkononi, akaligeuza, akasema, "Hili la uwongo," na kweli likawa la uwongo. La pili ni kwamba yeye ndiye aliyemvumbua Genivaldo, Mbrazili aliyevaa jezi namba kumi katika viwanja vya Ulaya. Hilo la pili lingefika pale kaunta mikononi mwa mtu mwingine, Awadh mwenyewe angelirudisha kwenye boksi.

Alizaliwa Unguja mwaka 1951, akaingia Muscat mwaka 1972 na sanduku moja, vyeti viwili vya shule na sifa ya kwamba aliwahi kucheza winga ya kushoto. Sifa hiyo hakuna aliyeithibitisha, maana waliomwona akicheza ama walibaki Unguja ama walikuwa na adabu. Lakini Matrah ya siku zile, mtu aliyekulia Unguja alihesabiwa kuwa anaujua mpira, basi wakamtia kwenye kamati ya klabu ya mtaa, klabu ya daraja la pili yenye uwanja wa vumbi, seti mbili za jezi na wajumbe saba wa kamati. Awadh ndiye aliyepewa kazi ya kuwapima wachezaji wapya. Alitembea pembeni ya uwanja mikono nyuma, uso ameukunja, na watu wakadhani anaona kitu.

Novemba 1993 akaja wakala mmoja Mreno aliyekuwa akiwazungusha vijana wa Kibrazili Ghuba nzima, klabu hadi klabu. Alikuwa amebakiwa na mmoja tu, Genivaldo, wa miaka kumi na tisa, mwembamba, hajui neno la lugha yoyote isipokuwa yake. Majaribio yalipangwa baada ya Alasiri. Sasa, kwa Awadh, mgeni hatolewi uwanja wa ndege akapelekwa uwanja wa mpira kana kwamba ni mzigo. Kwanza anapitishwa nyumbani.

Aliyepata kukaa kwenye majlisi ya Kiomani anajua mambo yanavyokwenda. Zinaletwa tende, inaletwa halwa, inaletwa kahawa chungu, na mwenyeji anammiminia mgeni kidogo ndani ya kikombe kisicho na mkono. Mgeni akitosheka, hukitikisa kikombe anapokirudisha. Asipokitikisa, anamiminiwa tena, na tena, mpaka akitikise. Genivaldo hakuambiwa hilo na mtu. Alikunywa, akakirudisha kikombe kwa heshima, kikarudi kimejaa, akadhani kwamba kukataa ni tusi. Awadh naye aliona wazi kuwa kijana hajui, lakini kumfundisha mgeni namna ya kusema basi ni sawa na kumwambia basi. Kwa hiyo wakakaa pale watu wawili wenye adabu, mmoja akimimina na mwenzake akimeza, na kila baada ya vikombe viwili Awadh alimsogezea halwa. Masouda, mkewe, alipoitwa jikoni apike birika la tatu, aliuliza wageni wamekuja wangapi. Akaambiwa mmoja.

Vikombe vilifika kumi na saba. Halafu ukaja wali wa nyama. Mgeni njoo mwenyeji apone, walisema wahenga. Mgeni mwenyewe atapona vipi, hawakusema.

Uwanjani Genivaldo alisimama katikati, mkono mmoja tumboni, akiitazama mipira ikimpita. Dakika ya ishirini alitembea taratibu mpaka nyuma ya goli akatapika. Wajumbe wawili walishauri apewe siku ya pili. Awadh akakunja uso, akawaambia yeye amewaona wachezaji wengi, na huyu hakimbii, na asiyekimbia leo hatokimbia kesho. "Hata nikipewa bure simtaki," alisema. Mhaya mmoja aitwaye Apolinary, aliyekuwa akifua jezi na kufagia uwanja, akachukua koleo na mchanga akasafisha nyuma ya goli. Kesho yake wakala alimchukua kijana wake wakaenda Ureno.

Miaka mitatu hakuna aliyemkumbuka. Halafu Jumamosi moja ya mwaka 1996, baada ya Magharibi, wanachama walikuwa wamekaa klabuni mbele ya televisheni, dishi jipya juu ya paa, wakitazama mpira wa Ujerumani. Akaingia mchezaji wa akiba, namba kumi mgongoni. Mpira ulipomfikia kwa mara ya kwanza, mabeki wawili walibaki wamekaa chini kwenye nyasi. Mpira ulipompotea, hakuufuata; aliwaangalia wenzake waufuate. Ndivyo alivyocheza maisha yake yote, na Ulaya ilimlipa kwa hilo, kwa sababu alichofanya akiwa nao hakuna mwingine uwanjani aliyekiweza.

Salem, katibu wa klabu, kijana wa benki mwenye Kiingereza safi na ulimi mkali, alikodoa macho. "Ami Awadh, huyu si yule alotapika nyuma ya goli?"

Watu wote wakamgeukia Awadh. Hapo ndipo alipokuwa na nafasi yake, fupi lakini ipo, ya kusema ndiye, na mimi nilikosea. Mtu mzima hukosea, watu wakacheka, wakasahau. Awadh akasema, "Ndiye. Mie nlitaka tumchukue. Wenzangu ndo walokataa."

Kati ya hao wenzake, wawili walikuwa wamekwishafariki na mmoja amehamia Salalah. Waliobaki kila mmoja alidhani analaumiwa mwingine. Uwongo ukapita salama.

Ungefia pale pale kama Genivaldo angekuwa na ungwana wa kushuka kiwango. Badala yake akazidi kung'ara, na Awadh akalazimika kwenda naye. Genivaldo alipofunga mabao kumi na moja katika msimu mmoja, Awadh alikumbuka kwamba alimwandikia barua rafiki yake wa Ureno ampokee kijana. Aliponunuliwa na klabu ya Italia, zile barua zikawa mbili. Alipofunga mpira wa adhabu uliopinda ukamwacha kipa amesimama, Awadh alieleza kwa upole kwamba pigo lile alimfundisha yeye, kwenye mchanga wa pwani ya Qantab, wakiwa wawili peke yao. Genivaldo alikaa Muscat siku moja, na sehemu kubwa ya siku hiyo aliitumia kwenye zulia la Awadh akimeza kahawa. Lakini nani alikuwa akihesabu saa? Watu walitaka kuamini. Klabu iliyokuwa ikifungwa kila wiki ilipata faraja kujua kwamba jicho lake moja, angalau, linaona.

Hata Genivaldo alipoanza kushuka, Awadh alifaidika. Mwaka 2002 goti lilimwuma, akakaa benchi huko Italia, kisha akauzwa Ubelgiji. "Hakunisikiliza," Awadh alisema, akitikisa kichwa kama baba mzazi.

Masouda alijua ukweli, maana kahawa ni yake. Na Apolinary alijua, maana koleo lilikuwa lake. Awadh alimpatia Apolinary kazi dukani Ghala, ndani, kwenye kiyoyozi, na hakumwambia kwa nini. Apolinary hakuuliza. Kila Awadh alipoanza kuwasimulia wateja habari ya barua, yeye aliingia stoo kutafuta kitu.

Mwishoni mwa mwaka 2004 mwenyekiti wa klabu aliugua akajiuzulu. Awadh alikitaka kiti kile kuliko alivyowahi kukitaka kitu chochote duniani, na sicheki ninaposema hivyo. Alikuwa na miaka hamsini na tatu. Miaka thelathini amekuwa mtu wa kaunta, mtu wa kuulizwa bei na kuagizwa harakaharaka, na alitaka aitwe mwenyekiti walau mara moja na mtu asiyehitaji kipuri. Aligombea na Salem. Salem alikuwa na elimu, alikuwa na umri, alikuwa na mipango iliyoandikwa. Awadh alikuwa na Genivaldo, na kwa hesabu ya kila mtu hilo lilitosha. Kura zilikuwa zipigwe Ijumaa ya pili ya Januari.

Jumamosi kabla ya hapo Salem alikuja dukani na gazeti. Timu ya Genivaldo imekuja Muscat kwa mazoezi ya wiki moja, kukimbia baridi ya kwao.

"Nshawapigia simu hotelini," Salem alisema, na alitabasamu kwa namna ambayo Awadh hakuipenda. "Jumatano anakuja klabuni kututembelea. Nimewaambia atakutana na mtu alomvumbua. Hujafurahi, ami?"

"Nimefurahi mno," Awadh akasema. Apolinary akaingia stoo.

Wiki ile Awadh hakula. Alipanga augue, akaona Salem atamleta mgeni mpaka kitandani. Alipanga asafiri Sohar kwa mazishi, akakosa wa kumzika. Masouda alimtazama siku mbili, ya tatu akachoka.

"Baba Khawla, mwite Salem umwambie kweli kabla mgeni hajasema."

"Nitasemaje sasa? Miaka minane."

"Utasema hivyo hivyo, miaka minane. Uwongo wenyewe ushakuwa mkubwa, hautoki mlangoni. Wangoja nini?"

Alingoja Jumatano. Ikafika. Wanaume arobaini walipanga viti pembeni ya uwanja wa vumbi baada ya Alasiri, kanzu nyeupe, vilemba vizuri. Awadh akawekwa katikati, na Apolinary, aliyemwendesha kutoka Ghala, akasimama nyuma karibu na gari. Basi dogo la hoteli likasimama. Akashuka Genivaldo, miaka thelathini na ushei, nywele zimepungua mbele, akiulinda mguu wa kulia. Nyuma yake akashuka mwandishi wa gazeti la mji wa klabu yake, Mbelgiji mrefu aliyekwishababuka kwa jua, na daftari mkononi.

Mwandishi alikuwa mtu wa kuchangamka. Walipokuwa wakitembea kuelekea kwenye viti alimsimulia Salem mambo kwa Kiingereza, na Salem akayatafsiri kwa sauti ya chini kwa waliokuwa karibu. Anaandika maisha ya Genivaldo, alisema. Mkataba wa Genivaldo unaisha Juni, na pale mjini wanabishana kama wampe mwingine. Tena orodha yake ya timu alizochezea ina maajabu: mechi sita za timu ya taifa ya vijana zimeshaonekana hazikuwapo. Kwa hiyo yeye anafuatilia mstari mmoja mmoja, na huu wa Muscat ndio unaofuata.

"Mstari gani wa Muscat?" Salem aliuliza.

Mwandishi akafungua karatasi akasoma. Msimu wa 1992 hadi 1993, Muscat, mechi ishirini na nne, mabao ishirini na mawili. Hiyo ndiyo orodha aliyokwenda nayo wakala Ureno, na kwa orodha hiyo Ulaya ilimfungulia mlango.

Awadh aliyasikia hayo akainua macho kumtazama Genivaldo. Genivaldo alikuwa amekwishamtambua. Alisimama mbele ya kiti cha Awadh, mkono nusu ameunyosha, na uso wake umekauka kama wa mtu anayesubiri majibu ya daktari. Awadh aliujua uso ule. Siku nne mfululizo alikuwa akiuona kwenye kioo cha chooni kwake. Basi na huyu, Ulaya yote hiyo, majumba na magari na jezi namba kumi, alikuwa akiishi kwa uwongo wa Muscat kama yeye. Na alikuwa amekuja leo akimwogopa Awadh, kama Awadh alivyomwogopa yeye.

Mwandishi alimwuliza Salem kama ni kweli Genivaldo alicheza hapa. Salem alicheka, akidhani ni kosa la uchapaji, akaanza kusema hapana.

Sasa tuseme kweli, kwa kuwa Awadh hakuwa na mazoea nayo. Ukweli, kwa mara ya kwanza katika miaka yote ile, ulikuwa na faida kwake. Angesema tu kwamba kijana hakucheza hapa, alikuja siku moja, na mimi ndiye niliyempeleka Ureno kwa barua. Nani angembishia? Genivaldo angekuwa amekwishaumbuka, na neno la mtu aliyeumbuka halina uzito. Kiti kingekuwa chake Ijumaa. Awadh aliliona jambo hilo lote kwa ukamilifu, maana hakuwa mjinga.

Pia aliona kwamba mtu huyu ni mgeni wake, amesimama kwenye ardhi yake, na yeye Awadh ameshawahi kumdhuru mara moja.

"Salem," alisema, "mkubwa hapa ni mie. Wacha nijibu."

Akainuka. Kwa Kiingereza chake cha kaunta akamwambia Mbelgiji kwamba ni kweli. Mabao ishirini na mawili. Yeye mwenyewe aliyahesabu. Angeishia hapo ingekuwa heri, lakini mazoea yana tabu, akaongeza kwamba kumi na tatu yalikuwa ya mguu wa kushoto.

Mwandishi aliandika, kisha akawageukia wengine, akawauliza kama wanakumbuka. Wanaume arobaini wakatazamana. Mtu mzima amekwishasema, tena mbele ya mgeni. Kumkanusha pale ni kumvua nguo. Kichwa kimoja kikaitikia, kikafuata cha pili, vikaitikia vyote. Salem akaitikia wa mwisho, meno ameyauma. Na kipa wa zamani wa klabu, mzee wa heshima zake, akaona kuitikia peke yake hakutoshi. Akasema kuna jingine liligonga mwamba, ilikuwa yawe ishirini na matatu.

Genivaldo aliushika mkono wa Awadh kwa mikono yake miwili, akauachia baada ya muda mrefu kidogo. Picha zikapigwa. Basi la hoteli likaondoka.

Vumbi lilikuwa halijatulia Salem aliposema, "Ami Awadh. Ishirini na mawili?"

Awadh alikung'uta vumbi kwenye kanzu yake.

"Msimu ule timu nzima tulifunga kumi na tisa. Tena nnayo daftari." Sauti yake ilikuwa tulivu, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Kama umeweza kusema lile mchana kweupe, machoni petu sote, basi na ile barua ya Ureno je? Na mchanga wa Qantab?"

"Barua haikuwapo," Awadh akasema. "Qantab hatukwenda. Mie ndo nlomfukuza. Nlimjaza kahawa mpaka akashindwa kusimama, nikasema hakimbii."

Hakuna aliyecheka, na hapo ndipo Awadh alipokosea hesabu zake. Alidhani watamcheka, na kicheko alikuwa tayari kukibeba. Uwongo wake wa miaka minane wangemsamehe kwa kikombe kimoja. Wasichoweza kumsamehe ni kwamba wao, watu wazima wenye vilemba, wameitikia kwa vichwa vyao mbele ya kalamu ya mgeni, na aliyewafanya waitikie ni yeye. Wakakunja viti kimya kimya. Apolinary peke yake alimsogelea, akasema, "Twende, Mzee Awadh, nikupeleke nyumbani." Ijumaa Awadh alipata kura tatu, Salem zilizobaki.

Mwezi Aprili gazeti likafika kwa posta kutoka Ubelgiji. Picha ilichukua nusu ukurasa: Genivaldo, kanzu arobaini na uwanja wa vumbi. Hakuna aliyeweza kusoma maneno, lakini tarakimu za 22 zilionekana. Genivaldo alipata mkataba wa miaka miwili. Mwenyekiti Salem alilitazama gazeti lile siku nzima, kisha akalitia kwenye fremu na kulitundika ukumbini. Wiki ya kwanza alisema ni kwa ajili ya picha tu. Wiki ya pili, watu wa klabu nyingine walipouliza kama ni kweli Genivaldo alianzia hapa, alisema ndivyo walivyoandika Wazungu. Kufika msimu mpya habari hiyo ilikuwa imeandikwa juu ya mlango, kwa rangi ya kijani. Kila mwanachama alikuwa na bao lake analolikumbuka. Kipa wa zamani alikuwa na manne, mbali na lile la mwamba.

Mtu mmoja tu katika Matrah ndiye aliyekataa. Awadh alikuwa ameuonja ukweli mara moja, na kwa ukaidi wake akashindwa kuuacha. Siku klabu ilipopokea ujumbe wa viongozi wa mpira uliokuja kuona kama uwanja unastahili kuwekewa nyasi, alikuwa ameketi kwenye kiti cha nyuma na Apolinary pembeni yake. Mkuu wa ujumbe alisimama mbele ya ile fremu, akauliza kwa heshima kama kuna yeyote aliyepo aliyemwona Genivaldo akicheza hapa.

Awadh akasimama. "Hakucheza. Hakufunga hata bao moja. Alikuja siku moja, akatapika nyuma ya lile goli, mie nikamrudisha. Muulizeni huyu Apolinary, ndiye aliyefagia."

Mkuu wa ujumbe alimtazama Apolinary, kisha akamtazama mwenyekiti. Salem alikuja mpaka pale, akamwekea Awadh mkono begani, akamkalisha taratibu kama mtu anayempenda.

"Msameheni," alisema. "Mzee wetu huyu ana ugonjwa wa uwongo. Mtu yeyote hapa atakwambieni."

Na wanaume arobaini, kwa huzuni, wakaitikia kwa vichwa.